Put off, postpone, call off, cancel au delay: utumie kipi, na wapi?

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi nyingi: kuahirisha. Kikao kilichosogezwa kutoka Jumatatu hadi Alhamisi kimeahirishwa. Kesi iliyosikilizwa asubuhi, kisha hakimu akaamuru wahusika warudi mwezi ujao, nayo imeahirishwa. Mechi isiyochezwa kwa sababu uwanja umejaa maji imeahirishwa. Hata yule anayesema kila jioni kwamba ataanza mazoezi kesho, tunamwambia aache kuahirisha. Kiingereza kimezigawa hali hizi kwa vitenzi tofauti, na anayetafuta kimoja tu cha kufunika zote huishia kuandika sentensi ambayo sarufi yake ni safi lakini ujumbe wake umepinda.

Kinachosumbua zaidi ni put off. Vitabu vya kujifunzia humpa mwanafunzi jibu la haraka kwamba put off ni postpone ya mazungumzo. Jibu hilo linasaidia kwenye swali la kujaza nafasi, basi. Halimwambii kwamba put off ina harufu ya kukwepa, wala kwamba kitenzi hichohicho kikimwangukia mtu badala ya shughuli, maana inageuka kabisa. Naanza na hilo la kwanza, maana ndilo la kila siku.

Put off au postpone

Tazama hizi mbili:

“They postponed the meeting until Thursday.”
“They put off the meeting until Thursday.”

Zote ni sahihi, na zote zinasema kikao kimesogezwa hadi Alhamisi. Ya kwanza ingekaa vizuri kwenye barua ya ofisi. Ya pili ni ya mdomo, au ya kichwa cha habari gazetini, ambako nafasi ni finyu na neno fupi linapendwa. Hadi hapo kitabu kiko sawa.

Sasa soma hizi:

“I've been putting off going to the dentist.”
“I've been postponing going to the dentist.”

Ya kwanza ndiyo anayoisema mtu mwenye jino linalouma. Ndani yake mna woga, na msikilizaji anausikia bila kuambiwa. Ya pili inamfanya msemaji aonekane ana ratiba iliyojaa na katibu wa kumpangia miadi. Sarufi haijavunjwa popote, ila mtu anayeogopa kung'olewa jino haongei hivyo.

Kwa hiyo jiulize kwanza sababu ya kusogeza iko wapi. Ikiwa iko nje, labda mvua, labda ukumbi haupatikani, labda mgeni rasmi ameugua, postpone inatosha na haimnyooshei mtu kidole. Ikiwa iko ndani ya mhusika mwenyewe, yaani uvivu, aibu, hofu au kutopenda tu, put off ndiyo yenyewe. Ndiyo maana utasikia “put off doing the dishes”, “put off telling her the truth”, “put off seeing a doctor”. Vyombo havikupangiwa saa ya kuoshwa, na ukweli haukuwa na tarehe ya kusemwa. Postpone hupenda kitu kilichokwisha kuwekewa tarehe. Put off haijali kama tarehe ilikuwepo.

Ofisini jambo hili lina uzito. Ukimwandikia mteja “We have put off our decision”, anaweza kusoma kwamba mnasitasita, au kwamba mmegawanyika. Ukiandika “We have postponed our decision until 15 March”, anasoma kwamba kuna mpango. Waandishi wa habari za siasa wanaijua tofauti hii vizuri. Wakitaka kumchoma kiongozi kidogo huandika kwamba ame-“put off the decision yet again”, na neno “yet again” linamalizia kazi.

Waingereza wana usemi wao, “Never put off till tomorrow what you can do today”, ndugu wa methali yetu ya linalowezekana leo lisingoje kesho. Ondoa put off humo uweke postpone, uone jinsi usemi unavyopoa na kugeuka tangazo la ubaoni. Usemi unamkemea mvivu, na mvivu wa Kiingereza huwa ana-put off. Akifanya hivyo kila mara mpaka ikawa tabia, kuna kitenzi kizito zaidi, procrastinate, ambacho kwa kawaida hakibebi shamirisho. Sema “Stop procrastinating and write the report”, usiseme “Stop procrastinating the report”. Ukitaka kuitaja ripoti yenyewe, rudi kwenye put off: “Stop putting off the report.”

Upande wa sarufi, kosa linalotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili ni hili: “She put off to call him.” Sisi tunasema aliahirisha kumpigia, na ile ku- inatuvuta tuandike “to call”. Kiingereza kinataka umbo la -ing: “She put off calling him.” Postpone na delay vinafuata kanuni hiyohiyo, kwa hiyo ukiikariri mara moja umemaliza vitenzi vitatu.

Postpone haina vipande, haisumbui. Put off ina vipande viwili, na nomino fupi inaweza kukaa nje au katikati: “put off the meeting”, “put the meeting off”. Kiwakilishi hakina hiari hiyo. Ni “put it off” daima, kamwe si “put off it”. Na shamirisho likiwa refu, usilipenyeze katikati. “They put the meeting that they had planned with all the parents off” inamwacha msomaji akingoja ile off mpaka asahau ilikuwa inangojewa. Sentensi ikianza kurefuka hivyo, andika postpone uendelee na maisha.

Jambo dogo la nyakati: put haibadiliki. Leo ni put, jana ni put, na “have put” pia ni put. “He put off the trip” ni ya wakati uliopita, kwa sababu ya sasa ingekuwa “He puts off”. Kwa “they” hakuna alama yoyote ya kukusaidia, na inabidi utazame maneno ya jirani. Postponed ina -ed yake, haifichi kitu. Kwenye barua ambayo tarehe zinaweza kuleta mgogoro, hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua postpone.

Put off au call off: hapa ndipo mambo huharibika

Kuchanganya put off na postpone humfanya mtu aonekane rasmi kupita kiasi, au mlegevu kidogo. Kuchanganya put off na call off kunaweza kumfanya mtu arudishe tiketi ambayo angeitumia.

Mwaka 2020 ulitoa mfano ambao siwezi kubuni ulio bora zaidi. Tarehe 24 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Michezo ya Olimpiki ya Tokyo haitafanyika mwaka huo, na ikasogezwa hadi 2021. Ilifunguliwa tarehe 23 Julai 2021. Siku chache baada ya tangazo hilo, tarehe 1 Aprili 2020, waandaaji wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon nao walitangaza kwamba mwaka huo hayatakuwepo. Kwa Kiingereza:

“The Tokyo Games were put off until 2021.”
“Wimbledon was called off.”

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa: si Wimbledon pia ilichezwa 2021? Ilichezwa, lakini ile ilikuwa Wimbledon ya 2021. Ya 2020 ilikufa. Olimpiki haikufa, ilihamishwa ikiwa nzima, hata jina la Tokyo 2020 likabaki lilelile ingawa kalenda ilisoma 2021. Vivyo hivyo kwa mashindano ya soka ya Ulaya, yaliyochezwa 2021 yakiwa bado yanaitwa Euro 2020. Hicho ndicho kipimo. Kitu kilicho-put off bado kipo, kinangoja siku yake. Kilicho-call off hakipo tena, na kikija kingine ni kipya. Olimpiki za 1916, 1940 na 1944, zilizozimwa na vita kuu mbili za dunia, zilikuwa “called off”. Hakuna aliyezirudia baadaye.

Kiswahili kina silaha ya kutenganisha haya, ila hatuitumii vizuri. Kuahirisha ni put off. Kughairi ni call off. Watu wengi huyachanganya, wakisema safari imeghairiwa hadi wiki ijayo, na mtu mwenye mazoea hayo atayabeba mpaka kwenye Kiingereza na kuandika “The trip has been called off until next week.” Sentensi hiyo inajipinga yenyewe. Ukiona “until” na tarehe mbele yake, ondoa call off.

Kuna uwezo mwingine ambao call off inao na put off haina: inaweza kusimamisha jambo lililokwisha kuanza.

“The union put off the strike.” Mgomo haujaanza, na bado unakuja.
“The union called off the strike.” Mgomo umefutwa kabla ya kuanza, au ulikuwa ukiendelea na sasa umesitishwa.

Mfanyakazi anayesoma sentensi ya kwanza aendelee kujiandaa. Anayesoma ya pili arudi kazini. Ndivyo ilivyo pia kwa waokoaji wanaotafuta watu baharini: “The search was called off at nightfall” ni kusitisha utafutaji uliokuwa ukiendelea. “The search was put off” ingemaanisha boti hazijatoka kabisa.

Kwa hiyo unapoitafsiri call off, usishike neno moja. Uchumba unavunjwa, mgomo unasitishwa, mkutano unafutwa, safari inaghairiwa. Zote ni call off.

Hapa mazungumzo ya kawaida yana mtego mdogo. Mtu akikuambia “The wedding is off”, usidhani amefupisha “put off”. “Is off” peke yake ni kufutwa. Kinyume chake ni “The wedding is still on”, yaani harusi iko palepale. Ukitaka kusema imesogezwa, huna budi kutaja kitenzi kizima: “The wedding has been put off.” Kwa harusi, mimi ningeongeza tarehe mpya hapohapo, maana watu wakisikia off huanza kunong'ona.

Na tofauti na put off, call off haipendi -ing. “They called off travelling” inasikika vibaya, sema “They called off the trip.”

Call off na cancel

Hii haihitaji maneno mengi. Cancel ni pana, call off ni nyembamba. Tukio linalokusanya watu, makubaliano, utafutaji, mgomo, uchumba: vyote vinakubali call off, na vingi vinakubali cancel pia. Oda ya bidhaa, kadi ya benki, tiketi, usajili wa huduma ya mtandaoni, chumba cha hoteli: hivyo ni cancel tu. “I called off my subscription” itaeleweka, lakini itamfanya msikilizaji atabasamu. Ndege iliyofutwa ni “cancelled”, na ndilo neno litakaloonekana kwenye ubao wa uwanja wa ndege.

Waingereza huandika cancelled, Wamarekani canceled, na wote wanakutana kwenye cancellation yenye l mbili. Ukiona “Call off your dog!” usitafute tukio lililofutwa: mtu anakuomba umwite mbwa wako aache kumfuata.

Delay: kuchelewa si kuahirishwa

Ndege iliyopangwa kuruka saa nne ikaruka saa saba imekuwa “delayed”. Abiria wamekaa palepale, mizigo imekaguliwa, safari ni ileile ya siku ileile. Hakuna aliyekaa mezani kuamua siku mpya. Delay inaweza kutokea bila mtu kuamua, kwa ukungu tu au kwa foleni ya magari, wakati put off na postpone zinahitaji mtu aliyeamua.

Kwenye soka tofauti hii inaonekana wazi:

“Kick-off was delayed by 30 minutes.” Usiondoke, kaa kwenye kiti chako.
“The match was postponed.” Nenda nyumbani, utarudi siku nyingine.

Mechi ikishaanza, Waingereza hawasemi tena postponed. Iliyokatishwa katikati isimalizike, kwa mvua kubwa au vurugu, ni “abandoned”. Sisi tungesema mechi imevunjika, na nadhani neno letu lina picha nzuri zaidi. Mahakamani na bungeni nako kuna kitenzi chake. Kikao kilichokwisha kufunguliwa, kikasimamishwa ili kiendelee siku nyingine, ni “adjourned”: “The hearing was adjourned until 4 May.” Habari zetu husema tu kesi imeahirishwa, kwa hiyo anayetafsiri inabidi arudi kwenye habari yenyewe kuona kama kesi ilianza kusikilizwa. Haikuanza? Postponed. Ilianza ikakatizwa? Adjourned.

Delay pia hubeba mtu: “I was delayed”, nilicheleweshwa. Na hapa tunafika penye shimo. Mtu aliyechelewa kwa sababu ya foleni, akijua kwamba put off na delay ni majirani, anaandika: “Sorry, I was put off by the traffic.” Anachokuwa amesema ni kwamba foleni ilimkatisha tamaa, labda hata akafikiria kutokuja.

Put off inapomwangukia mtu

Haya ndiyo matumizi ambayo vitabu vya msingi huyaruka, na kwa maoni yangu ndiyo unayokutana nayo zaidi ukisoma maoni ya wateja, mahojiano na hadithi za kisasa. Kanuni ya kuyatambua ni nyepesi: angalia kinachosogezwa. Kikiwa shughuli, ni kuahirisha. Akiwa mtu, ni kumwondolea hamu, kumchukiza, kumkatisha tamaa au kumvuruga.

“The meeting was put off.” Kikao kimeahirishwa.
“The customers were put off.” Wateja walipoteza hamu.

Kitenzi ni kilekile, kauli ya kutendwa ni ileile, ila kiima kimebadilika na maana imehama nacho.

Ndani ya maana hii mna vivuli kadhaa. Kuna cha kuchukiza: “The smell put me off.” Harufu ilinikinaisha. Kuna cha kukatisha tamaa: “Don't be put off by the price.” Bei isikutishe. Kuna cha kumfanya mtu aache jambo alilokuwa akilipenda: “The accident put him off driving.” Ajali ilimfanya asitake tena kuendesha gari. Tazama muundo wa huyu wa mwisho, maana hauna kihusishi chochote kati ya off na driving. Muundo ni mtu kwanza, kisha off, kisha jambo lenyewe: “put her off meat”, “put me off my food”, “put them off travelling”.

Jirani wa karibu wa maana hii ni discourage, na yeye anataka from: “The accident discouraged him from driving.” Kuchanganya miundo miwili huzaa “put him off from driving”, ambayo ni kosa. Kimaana pia hawalingani. Discourage inaweza kuwa ushauri wa makusudi: mwalimu ana-discourage wanafunzi wasinakili, akiwaeleza kwa nini. Put off hutoka tumboni. Hakuna aliyeshauri kitu. Harufu, bei, sauti au tabia ya mtu ndiyo iliyofanya kazi. Deter ni rasmi zaidi, ya sheria na sera: “Heavy fines deter smugglers”, faini kubwa huwazuia wafanya magendo. Ukisema faini zina-“put off” wafanya magendo, utakuwa umewafanya waonekane kama wanunuzi waliokuta bidhaa haipendezi.

Turn off nayo hukaribia. “His arrogance turned me off” na “His arrogance put me off” zinafanana, ila turn off ni kali zaidi, na mara nyingi inahusu mvuto wa kimapenzi. Kwenye barua ya kazi kaa mbali nayo.

Kivumishi kinachotokana na maana hii kimegeuza maneno: off-putting. “He has an off-putting manner”, ana namna inayowafukuza watu. Wanafunzi huandika “put-offing”, na siwalaumu, kwa kuwa mantiki iko upande wao, lakini neno hilo halipo. Off-putting haina uhusiano na kuahirisha hata chembe. Mtu mwenye tabia ya kusogeza mambo mbele hawezi kuitwa off-putting kwa sababu hiyo.

Waingereza wana kivuli kingine cha ziada: kuvuruga umakini. Mchezaji anayejiandaa kupiga penalti, au mtoto anayekariri shairi huku mwenzake akimtazama, anaweza kusema “Stop it, you're putting me off!” Hapo hakuna chuki wala tamaa iliyokatika; umakini tu umevurugwa. Mmarekani katika hali hiyo angesema “You're throwing me off” au “You're distracting me.” Distract ndiyo salama pande zote mbili za bahari.

Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote, kumpiga mtu danadana: “I asked for my money, but he put me off with another excuse.” Nilidai pesa zangu, akanizungusha kwa kisingizio kingine. Hapa maana mbili zimekutana, kwa sababu anayepigwa danadana anaahirishwa yeye mwenyewe. Dalili yake ni “with” ikifuatwa na kisingizio, ahadi au hadithi: “put off with promises”, “put off with a vague answer”. Postpone haiwezi kufanya kazi hii. “He postponed me” haisemwi.

Kwa sababu ya wingi huu wa maana, kuna sentensi ambazo put off inaziacha njia panda. “The landlord put off the visitors.” Je, aliwaambia waje siku nyingine, au aliwakimbiza kwa tabia yake? Kwa maandishi matupu haijulikani. Unapoiona sentensi yako mwenyewe ikikaa hivyo, ondoa put off. Andika “asked the visitors to come another day” ikiwa ni la kwanza, na “drove the visitors away” ikiwa ni la pili.

Neno moja kuhusu taa. Wengi wetu husema “put off the light” kwa kuzima taa, na yapo maeneo ya dunia ambako wanaozungumza Kiingereza husema hivyo kila siku. Kwenye mtihani, au kwa msomaji usiyemjua, andika “turn off” au “switch off” kwa chochote chenye swichi, na “put out” kwa moto, mshumaa na sigara. Ukisoma maandishi ya zamani utakuta pia put off ikiwa na maana ya kuvua nguo au viatu. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na take off.

Put back, push back, move forward

Ukisogeza kikao kwa saa mbili tu, put off inakuwa kubwa mno. Mwingereza atasema “The meeting has been put back to three o'clock”, Mmarekani atasema “pushed back”. Zote zinamaanisha kusogeza baadaye, ingawa back inamfanya mwanafunzi afikirie kurudi nyuma. Hold off ni ya kujizuia kabla hujaanza: “Hold off on buying it until the price drops”, subiri kwanza usinunue. Kazi iliyokuwa ikiendelea ikasimamishwa kwa muda ni “put on hold”. Reschedule inafaa tu pale ambapo tarehe mpya ipo mkononi.

Mikutanoni kuna kitenzi kinachoweza kuzua ugomvi. Kwa Mwingereza, “to table a proposal” ni kuileta hoja mezani ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando, yaani karibu sawa na put off. Watu wa pande hizo mbili wakikaa kikao kimoja, sema “discuss now” au “leave for later”.

Kusogeza mbele kwa maana ya kuwahisha ni “bring forward”: kikao cha Ijumaa sasa kitakuwa Jumatano. Wahindi wana neno lao la hilo, prepone, lililotengenezwa kwa kugeuza postpone, na binafsi naliona lina akili. Nje ya India, hata hivyo, si wengi watakaolielewa mara moja. Move forward ndiyo ya kuogopwa. Waambie watu kumi “Wednesday's meeting has been moved forward two days”, kisha uwaulize watakutana lini. Baadhi watasema Jumatatu, baadhi Ijumaa, na kila upande utaona wa pili ana kichaa. Kiswahili chetu kina tatizo hilohilo na “kusogeza mbele”, kwa hiyo hapa hakuna kitenzi cha kukuokoa. Taja siku zote mbili: “The meeting has been moved from Wednesday to Friday.”